Maji ya Miti Sita

Nilikuwa na miti ishirini. Nasema nilikuwa nayo kama mtu anavyosema ana mbuzi, ingawa hakuna hata mmoja uliokuwa wangu. Ilisimama kwenye ukingo wa msitu upande wa Mabalako, mbele ya mji wa Beni, katika kipande cha shamba ambacho mwenyewe, mama mmoja mjane, alikuwa bado hajakifyeka. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kilimo Butembo, mwaka wa mwisho, katika ile miaka ya vita ambayo sisi wa huko hatuikumbuki kwa tarehe. Tunaikumbuka kwa kutaja nani alikuwa na kizuizi barabarani.

Kazi yangu ilitokana na swali moja la profesa wangu: mvua ikichelewa, mti unafanya nini? Watu hucheka nikiwaambia kwamba shina la mti hunenepa na kukonda. Lakini ndivyo lilivyo. Maji yakiwa mengi, shina hujaa. Kiangazi kikikaza, mti hutumia maji uliyoyaweka ndani ya mwili wake, na shina linapungua kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni ila utepe unaona. Utepe wangu ulikuwa ule wa mshonaji, nilimwomba mama yangu aliyekuwa na cherehani sokoni Butembo. Kila mti niliupaka mstari wa rangi nyeupe usawa wa kifua ili nipime mahali palepale kila mara, nikaupigilia kibati chenye namba, nilichokikata kwenye kopo la nyanya. Ilikuwa miti michanga, unene wa paja la mtu mzima, mingine libuyu ya mbao nyekundu, mingine mivule. Niliipima alfajiri, kabla jua halijaigusa, kwa sababu saa sita mchana hata mti wenye afya huwa umekonda kidogo.

Chini ya miti sita nilitandaza pia vyandarua vya kukinga majani yanayoanguka. Vilikuwa sita tu kwa sababu masista wa zahanati moja walikuwa na vikuukuu sita tu vya kunipa. Nilivifunga kwenye vijiti vinne vinne, vikaonekana kama vitanda vya hospitali vilivyopangwa msituni. Kila nikija nilihesabu majani moja moja, na wanaonijua wanasema nikihesabu kitu sura yangu inakuwa ya mtu aliyefiwa. Hilo sikulijua wakati ule. Laiti ningelijua.

Yule mama mwenye shamba aliishi peke yake kwenye nyumba ya udongo hatua mia hivi kutoka kwenye miti. Watoto wake wawili walikuwa wanafanya biashara Beni, na wa tatu hakujulikana alipo tangu vita ya kwanza. Juu ya huyo wa tatu hakusema mengi. Ila kila nilipofika aliniita mutoto yangu, akanipikia sombe, yale majani ya muhogo, na bugali wa muhogo, akakaa mbele yangu mpaka nimalize, kama anayelinda sahani isikimbie. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, kila kitu alikipima kwa sikukuu. Mimi ni mtoto wa Waprotestanti, na hilo lilimchekesha sana.

"Ninyi bila batakatifu munajua je siku ya kupanda?" aliniuliza mara nyingi.

"Tunaangalia mawingu, mama."

"Mawingu inadanganyaka."

Kabla ya Noeli nilishuka kupima mara ya mwisho kabla kiangazi hakijaanza. Nilipomaliza nilimwambia maneno ambayo baadaye niliyarudia kichwani mara elfu: "Mama, nakuachia miti yangu. Uniangalilie." Nilimaanisha asiruhusu mtu kuikata kuni, wala askari kuifanya nguzo za kambi. Akaitikia kwa Kinande, lugha yetu, akanishika mikono yote miwili. Nikapanda lori, juu ya magunia ya mpunga, nikarudi Butembo.

Kisha barabara ikafungwa. Wenye bunduki hawa na wenye bunduki wale waligombania daraja kati yetu na Beni, na malori yakalala. Noeli ikapita, Januari ikapita. Huko Butembo juu, kwenye baridi yetu, vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye chumvi, na kila jioni mbingu ilikuwa safi bila wingu hata moja. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili ya yule mama, na sitasema uongo, siku nyingine niliogopa kwa ajili ya miti kwanza. Kama nisingeipima kabla mvua haijarudi, mwaka wangu ulikuwa umekufa. Baba alikwisha niambia kwamba huo ndio mwisho, nyuma yangu kuna wadogo wanne wanasubiri zamu ya kusoma. Na hakuna aliyejua kama chuo kingefunguliwa tena mwaka unaofuata. Kazi yangu yote ya kumaliza masomo ilikuwa imesimama kwenye miti ishirini niliyokuwa siwezi kuifikia.

Mwishoni mwa Februari wafanyabiashara wakapata njia, nikapata nafasi juu ya gari lao mpaka Beni, na kutoka Beni nikaazima baiskeli. Gari lilikuwa linageuza kesho yake jioni. Nilifika kwenye miti alfajiri nikiwa nimelowa jasho, na sikubisha hodi kwa mtu yeyote, nilitoa utepe tu. Mti wa kwanza umekonda. Wa pili umekonda. Sawa, ndivyo vitabu vinavyosema. Lakini nilipofika kwenye ile sita yenye vyandarua, utepe ulikataa. Mitano haikuwa imepungua kitu, na mmoja ulikuwa umenenepa. Kwenye vyandarua majani yalikuwa machache ya kuhesabika kwa vidole. Nilipima tena nikidhani nimekosea mstari. Jibu likawa lilelile.

Nilicheza. Nakiri, mtu mzima mimi, nilicheza peke yangu msituni. Nilikuwa nimevumbua miti isiyojua kiu! Mbele ya nyumba ya mama mlango ulikuwa umefungwa, na jirani yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa anaanua muhogo, akaniambia amekwenda matangani kijiji cha pili. Niliacha sabuni na chumvi mlangoni, nikapanda baiskeli. Njia nzima mpaka Beni nilikuwa natunga maelezo: mizizi mirefu, mkondo wa maji chini ya ardhi, na mengine niliyoyapenda kwa sababu ni yangu.

Profesa wangu alisoma tarakimu zangu, miwani ikiwa juu ya kipaji cha uso. Alikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti, na kwa hiyo tulimwogopa.

"Donc, mademoiselle, libuyu na mvule, miti miwili isiyo ndugu, zinakuwa na tabia moja, na hasa kwenye miti yenye filet, chandarua, chini yake?"

"Ndiyo, professeur. Ni mizizi."

"Uliiona, hiyo mizizi?"

"Bado."

"Basi uende uchimbe."

Nilikwenda mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeanza. Niliingia msituni na jembe, nikaondoa majani makavu chini ya mti wa kwanza wenye chandarua. Chini ya majani palikuwa na matandazo ya migomba, yamepangwa vizuri kama mtu anavyotandika mkeka. Chini ya hayo, udongo ulikuwa umechimbwa duara kuzunguka shina, bakuli zuri la kukalisha maji. Nilisimama na jembe mkononi. Kabla sijaelewa vizuri nikasikia kicheko nyuma yangu, na mama akanikumbatia kwa nyuma.

"Mutoto yangu! Ulirudi! Uliona bagonjwa yako banapona?"

"Bagonjwa gani, mama?"

"Bale sita! Bale ulitandikia moustiquaire. Mi nilikuwa nakuona unahesabu majani yabo, sura inakuwa mubaya, mi nasema, hawa njo bagonjwa. Ile ingine iko nguvu. Nikabanywesha. Kila asubui nikabanywesha."

Alikuwa anang'aa. Nami ninazo hasira za karibu, tangu utotoni, zinafika mdomoni kabla akili haijavaa viatu.

"Nani alikuambia uinyweshe? Mama, uliharibu yote! Mwaka mzima! Mimi nilitaka ione kiu! Kiu yenyewe njo kazi yangu!"

"Mais... lakini uliniachia..."

"Nilikuachia uangalie, hapana uchezee!"

Hilo neno la mwisho bado linaniuma. Uso wake ulizimika. Akageuka akaenda nyumbani, na baada ya kitambo nikaona moshi unatoka jikoni, maana alikuwa anapika. Nami niliondoka bila kula. Mtu wa kwetu akisoma hapa ataelewa nilifanya nini. Kuondoka nyumbani kwa mama aliyekwisha washa moto kwa ajili yako ni tusi ambalo hata mlevi hulikwepa.

Njiani ndipo nilipoelewa, na kuelewa huko hakukunisaidia kitu. Kwetu mtu akisafiri au akikosa malisho, humwachia rafiki mbuzi wake. Anasema maneno yaleyale niliyoyasema mimi: nakuachia, uniangalilie. Na mtu aliyeachiwa mbuzi hamrudishi amekonda. Ni afadhali wake mwenyewe wakonde, kuliko watu waseme kwamba kitu cha mwenzake kilidhoofu mikononi mwake. Nilikuwa nimekulia na desturi hiyo, babu yangu alikuwa na mbuzi wa watu wanne zizini. Lakini nilipokuwa na utepe shingoni nilisahau kwamba nami ni Mnande.

Nilimweleza profesa kila kitu. Nilikuwa nimeandaa machozi. Yeye alishusha miwani, akapiga meza kwa kiganja, mara ya kwanza mimi kumwona akipiga kitu.

"Mademoiselle! Miti sita imekunywa, kumi na minne haikunywa, kwenye udongo mmoja, kiangazi kimoja! Ungekuja kuniomba kufanya kazi ya namna hiyo ningekukatalia, ningesema ni nani atabeba maji kwenye vita? Na yeye amebeba! Sasa tunaweza kusema kwa hakika ni kiu iliyoikondesha ile mingine, hapana ugonjwa, hapana kitu kingine." Akachukua kalamu. "Lakini ninataka kujua maji kiasi gani, tangu siku gani mpaka siku gani. Bila hivyo ni hadithi tu. Rudi kwa yule mama. Na uende na adabu."

Nilirudi na kitenge na adabu. Mama alinipokea vizuri, vizuri mno, kama anavyopokelewa mgeni. Alinipa kiti, yeye akabaki amesimama. Jirani yake naye akaja, akasimama kando yake mikono kiunoni.

"Mama, nilikuja kuuliza juu ya maji."

"Maji gani?"

"Maji uliyomwagia miti."

"Mi? Mi hapana mwaga maji." Aliangalia juu ya kichwa changu. "Ile siku nilikuwa na homa, nilisema ovyo. Uliza huyu."

"Hakumwaga," jirani akasema haraka. "Hata kikombe."

"Enda uangalie chini ya miti. Hakuna kitu."

Nilikwenda, wao wakinifuata. Alikuwa amefukia yale mabakuli yote sita, amekanyaga udongo ukawa sawa, ametandaza majani ya msituni juu yake kwa ustadi hata mimi mwenyewe nisingeshuku. Kazi ya siku mbili au tatu kwa mwanamke wa umri wake.

"Andika vile," akaniambia. "Andika hakuna mutu aliigusa. Ukitaka, nitaapa mbele ya Padri. Hata mbele ya professeur yako, anitumie gari tu. Bakupatie diplôme yako."

Hapo ndipo nilipoona. Mwanamke aliyekwenda misa kila siku Mungu aliyoumba alikuwa tayari kuapa uongo mbele ya padri wake, ili mimi niliyemtukana nisikose diploma. Nilimpenda kiasi cha kuumwa na kifua. Nilikaa chini palepale kwenye majani, nikamshika miguu, nikamwomba pardon kwa lugha zote tatu ninazozijua. Nikamwambia kwamba maji yake hayakuharibu kitu, kwamba profesa amepiga meza kwa furaha, kwamba sasa ni hayo maji yenyewe yatanipatia diploma, na bila kujua kiasi chake nimepotea. Alinisikiliza huku akinichunguza, akitafuta kama nasema uongo wa kumfariji. Kwenye mambo hayo alikuwa mjuzi kuliko mimi.

"Bya kweli?" akauliza mwishoni.

"Bya kweli, mama."

"Apa."

"Sisi hatuapi, mama, unajua dini yetu."

Akacheka, na kicheko chake cha zamani kikarudi chote. "Inuka kule chini, utashika baridi," akasema, na tukaenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na kibanda kidogo cha makuti ya mchikichi. Nilitoa daftari.

Alisimulia kwa sikukuu. Alianza siku iliyofuata sikukuu ya Mamajusi, mwanzoni mwa Januari, alipoona majani yanaanguka hata pasipo upepo. Aliendelea mpaka Jumatano ya Majivu, na mvua ilinyesha siku ya tatu baada yake. Kila siku bidon mbili, madumu ya maji, moja kichwani, nyingine mkononi. Miti mitatu leo, mitatu kesho. Nilimwuliza kwa nini mbili tu, na kwa nini asubuhi tu. Akaniambia askari walikuwa wamekaa kwenye kivuko cha mto, na waliruhusu wanawake kuchota mara moja kwa siku, jua likitoka, kila mmoja na vyombo viwili. Ukirudi mara ya pili walikuwa wanapiga risasi juu ya maji, kwa mchezo.

"Uliogopa, mama?"

"Niliogopa. Mais miti ilikuwa inangoja." Akaelekeza kidole upande wa msitu. "Ile ingine kumi na ine nilikuwa naona haya. Nikipita na bidon, naiambia pardon, maji hapana tosha."

Niliandika kila kitu, na nilifurahi tena, furaha ya mwanafunzi aliyepata tarakimu zake. Kilibaki kitu kimoja tu cha kuhakikisha. Ndani ya kile kibanda cha makuti kulikuwa na mifuko myeusi ya nailoni imepangwa safu kwa safu, mamia, kila mmoja na kijiti kilichochomoza. Kitalu cha kahawa. Kahawa yake kuukuu ilikuwa imekufa yote kwa ule ugonjwa wa kukausha uliomaliza mashamba ya Beni, na alikuwa ameotesha miche ya kupanda upya. Nilitaka kujua kama sehemu ya zile bidon mbili ilikwenda huko, ili niitoe kwenye hesabu ya miti.

"Na kahawa, mama, ulikuwa unanywesha saa ngapi?"

"Kahawa hapana."

"Hapana namna gani?"

"Maji ilikuwa bidon mbili, mutoto yangu."

Alisema kama mtu anavyomweleza mtoto jambo jepesi. Nikainama, nikashika kijiti cha kwanza, kikavunjika kwenye vidole vyangu. Nikashika kingine. Safu zote zilikuwa hivyo. Ile ilikuwa kahawa yake ya miaka yote iliyobaki, na ilikuwa imekauka hatua chache kutoka mlangoni, huku yeye akiipita kila asubuhi na maji kichwani.

"Kahawa iko yangu," akasema. "Miti iko ya mutu."

Nilijaribu kusema asante, ikawa ndogo mno nikaiona haya. Nilikaa pale siku nne, gari la Butembo likaondoka bila mimi. Tulimwaga udongo wa zamani, tukajaza mpya, tukatia mbegu alizoomba kwa watu, mimi, yeye na jirani yake yule shahidi wa uongo. Katika ile kazi niliyoitetea mbele ya maprofesa mwezi wa saba nilimwandika ukurasa wa kwanza, bila jina, kwa sababu alikataa kutajwa, na nikafaulu.

Ile siku ya nne, nilipokuwa naondoka, alitenga mifuko kumi, akaifunga kila mmoja uzi mwekundu. "Hii iko yako," akaniambia. "Nitakuangalilia. Ikizaa, unakuja kuchuma."

Niliitazama ile mifuko kumi yenye uzi, kisha ile mingine yote isiyo na uzi. Nikafungua nyuzi moja moja, nikairudisha kwenye safu, nikaichanganya mpaka hata mimi sikujua tena ipi ni ipi. Alikasirika sana. Alisema watoto wa Butembo hatujui kupokea zawadi, na mpaka leo hajanisamehe vizuri. Sikumweleza. Nilitaka tu, kiangazi kingine kikija, asiwe na kitu changu hata kimoja cha kunywesha.